Saa Mbili Kamili

Umeme ulikatika alfajiri, na kufikia saa moja na nusu asubuhi mtaa mzima ulikuwa kimya kama umeambiwa unyamaze. Mashine ya kusaga haingurumi, mchomelea vyuma amekaa mlangoni kwake anatazama vidole, redio ya saluni nayo imekauka. Lakini kwenye benchi refu lililoegemezwa ukutani, kati ya saluni na kibanda cha fundi saa, wenyewe walikuwa wameshafika. Wembe, kinyozi, ambaye maneno yake yanakata kuliko vifaa vyake. Ripoti, mwalimu mstaafu, ambaye hawezi kukuambia mvua inanyesha bila kukupa utangulizi. Shemeji, muuza kahawa, anayemwita kila mtu shemeji ili apate ruhusa ya kumtania. Na Fundi Saa mwenyewe, mzee mwembamba anayesifika kwa mikono mitulivu, ambaye siku hiyo hakuwa amegusa kahawa yake. Pembeni yake, mwisho wa benchi, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Wiki tatu sasa hakuna aliyeikalia. Wembe alikuwa amebanwa na mapaja ya Ripoti mpaka anapumua kwa zamu, na bado hakutaka kusogea huko.

Fundi alishika saa ya mkono ya kizamani, ya chuma, kioo chake kimechubuka. Akaiweka sikioni. Akaitoa. Akaiweka tena.

— Shemeji, kahawa inapoa hiyo, — akasema muuza kahawa.

— Hebu nyamazeni kidogo.

— Tunyamaze mara ngapi? — akauliza Wembe. — Mtaa wote umenyamaza, tumebaki sisi tu.

— Nimesema nyamazeni, jamani. Inapiga.

Saa hiyo ilikuwa ya Mhuri, na Mhuri ndiye mwenye ile nafasi ya mwisho wa benchi. Alikuwa karani miaka thelathini na minne. Alipostaafu yeye, mkono wake ulikataa kustaafu: akikubaliana na wewe kwenye maongezi alikugonga goti kwa ngumi, pa, kama anapiga mhuri. Wiki tatu zilizopita, saa mbili ya asubuhi imepita kidogo tu, alimkatisha Ripoti katikati ya utangulizi akauliza, “Nani anabisha?” Wakageuka kutazama mlango wa saluni. Hapakuwa na mtu. Mhuri akalaza kichwa begani kwa Fundi, nao wakadhani amesinzia. Wakamwacha. Wakanywa kikombe kizima cha kahawa, wakabishana kama kuku huota ndoto, na bega la Fundi likawa linazidi kuwa zito. Mpaka leo hulishika bega hilo bila kujijua. Siku nne zilizopita mjane alikuja na saa, akaiweka mezani, akamwambia, “Kaka, itengeneze itembee. Kijana wangu mkubwa anaitaka.”

— Springi yake hii hapa, — Fundi akawaonyesha utepe wa chuma uliokatika vipande viwili. — Nimeitoa mwenyewe. Saa isiyo na springi ni bangili. Haya, niambieni, bangili inapigaje?

— Mdudu huyo, — akasema Shemeji. — Mende mdogo. Kaingia, kakosa njia ya kutoka, anagonga.

— Mende gani anagonga kwa mahesabu?

— Wapo wenye adabu zao.

Fundi hakucheka. Akatandika kitambaa cheupe juu ya goti, akafungua mgongo wa saa, akachukua kikoleo na kuutoa mtambo wote: gurudumu baada ya gurudumu, parafujo ndogo kuliko chembe za mchanga. Akavipanga juu ya kitambaa. Hapakuwa na mende wala mguu wa mende. Mkononi mwake likabaki kasha tupu, unaona vidole upande wa pili. Akaliweka kwenye sikio la kushoto.

Du-du. Du-du. Du-du. Wazi kabisa, tena kwa uzito, kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja akijua wenyewe wamo ndani.

— Inapiga? — Shemeji akauliza polepole, birika limesimama hewani.

— Inapiga.

— Kasha tupu?

— Si unaliona?

Wembe akanyoosha mkono. Alikuwa haogopi, au alikuwa hataki kuonekana anaogopa, ambayo kijiweni ni kitu kimoja. Akaliweka kasha sikioni, akakunja uso, na taratibu uso ukabadilika.

— Naisikia, — akasema. — Lakini ya mbali. Taratibu. Kama mtu anatembea kwenye korido.

— Taratibu? Hiyo? — Fundi akashtuka. — Wembe, inakimbia hiyo!

— Kwangu inatembea.

Ripoti akalichukua, akafumba macho, akaliweka sikio la kulia. Mtaa mzima unajua sikio hilo halisikii hata king'ora.

— Kwa ufupi, — akasema baada ya muda mrefu, — nasikia.

— Umeweka sikio bovu, mwalimu.

— Nasikia kwa mfupa. Sasa tuweke msingi. Saa hii imekaa juu ya mshipa wa Mhuri miaka thelathini na minne. Chuma na mshipa, katikati ngozi tu. Mtoto akikaa na mama yake miaka mitatu anashika lugha. Chuma je? Nacho kimeshika. Kimejifunza kupiga.

— Chuma kimejifunza, — Wembe akarudia, kwa sauti ya mtu anayeonja chai ya ugenini.

— Sijamaliza. Tukumbuke Mhuri alikuwa na presha. Daktari akamwambia, presha yako imepanda. Vizuri. Imepanda kwenda wapi? Hilo hakuna aliyejiuliza. Kitu kikipanda, kuna mahali kinafika.

— Kimefika kwenye saa! — akasema Shemeji.

— Mimi sijasema. Umesema wewe.

Wembe akasafisha koo. Akaangalia ile nafasi tupu, akaangalia miguu yake.

— Mimi kuna jambo sijawahi kuwaambia. Siku ile nilimnyoa Mhuri ndevu saa moja asubuhi, hapa hapa ndani kwangu. Kidevu kikawa kama cha mtoto. Tulipombeba kumwingiza ndani ilikuwa bado saa tatu haijafika. Nilimshika kidevu nimfunge mdomo. Jamani, kilinichoma kiganja. Ndevu zilikuwa zimeshatoka. Kuna kitu ndani yake kilikuwa bado kiko kazini.

Mahali fulani mtaani mlango ulifunguka ukafungwa, na wote wanne wakageuza shingo.

— Na yule mtu hakumaliza maneno yake, — Wembe akaendelea, sauti imeshuka. — Aliuliza nani anabisha. Nani alimjibu? Sasa amegeuza. Anabisha yeye.

Kasha lilikuwa limerudi sikioni kwa Fundi, na hapo hapo likaanza kwenda mbio. Du-du-du-du. Alikuwa ameliona hilo tangu jana: wakibishana linakimbia, wakinyamaza linapoa. Akawaambia. Shemeji akaweka birika chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

— Kumbe linatusikiliza, — akanong'ona. Kisha akatikisa kichwa. — Hapana. Halitusikilizi. Linapima. Watu wenye presha kwenye benchi hili walikuwa wawili, si ndiyo? Mmoja keshakwenda. Linampima anayefuata.

— Mdomo wako huo, Shemeji! — Wembe akamkemea.

— Mimi nimefikiri tu.

— Siku nyingine fikiria kimya kimya.

Fundi akaliweka kasha juu ya kitambaa, akaondoa mkono. Kuna jambo alikuwa amelificha, na sasa hakuweza tena.

— Nikiliweka chini bado naisikia, — akasema. — Siku nne sasa. Sikio hili la kushoto. Nikila inapiga, nikiongea na mke wangu inapiga. Mwanzo nilidhani kuna saa imeharibika kibandani, nikazisimamisha zote moja moja. Zikanyamaza zote. Yenyewe haikunyamaza, nikazirudisha zitembee.

Aliogopa, mzee wa watu. Akaona aibu kuogopa mbele ya watu aliokaa nao miaka yote. Alikuwa na wajukuu wawili nyumbani waliozoea kulala juu ya tumbo lake mchana. Hakutaka kwenda popote. Kama Mhuri alikuwa anamwita, basi Mhuri amwite mtu mwingine, Mungu amsamehe.

Saa kubwa ya ukutani, iliyoonekana kupitia mlango wa kibanda, ilionyesha saa mbili kasoro robo. Bila kuambiwa, Shemeji akachukua glasi, akatia maji, akakamua kipande cha ndimu, akavuta kopo lililokuwa chini ya stuli. Kopo hilo wenyewe walikuwa wanaliita Zimamoto.

Habari yake ni hii. Fundi na Mhuri walikuwa na presha wote wawili, na wote wawili walikuwa na kiungulia kinachowaunguza kuanzia kifuani mpaka kooni, kwa sababu kahawa ya Shemeji ni tamu lakini haina huruma. Miezi minane iliyopita walipewa dawa kwenye dirisha la zahanati: vidonge vya presha, na vidonge vya kiungulia vinavyotoa povu majini, kila mtu na bahasha yake. Vya kiungulia vilipoisha, Mhuri akasema hakuna haja ya kupanga foleni tena. Povu ni povu, akasema. Akaja na magadi, yale wanayotia waoka keki, kijiko kimoja na nusu kwenye glasi ya maji yenye ndimu, yanachemka yenyewe bila moto. Unakunywa, unacheua, kifua kinatulia. Tangu siku hiyo, ikifika saa mbili kamili kwa saa ya ukutani ya Fundi, marafiki wawili waligonganisha glasi, wakasukumia kidonge cha presha kwa Zimamoto, mkupuo mmoja. Hawakukosa hata siku moja. Mhuri alifanya hivyo hata ile asubuhi ya mwisho.

Fundi akatoa kidonge mfukoni, akakiweka kiganjani.

— Leo usimeze, — Wembe akasema ghafla.

— Zimamoto?

— Kidonge! Zimamoto kunywa, kifua kitulie. Kidonge ndicho nakukataza. Hebu tutumie akili. Mhuri alimeza kila siku ya Mungu. Yuko wapi?

— Hoja hiyo ina uzito, — akasema Ripoti. — Kabla ya vidonge, Mhuri alikuwa hai. Baada ya vidonge, hayupo. Hata mtoto wa darasa la tatu anaona.

— Kidonge ndicho kinachofungua njia, — Wembe akaendelea, maneno yameshika kasi. — Kinalainisha damu, damu ikilainika wanakusikia, wakikusikia wanakuita. Kitupe mtaroni. Shemeji, mwongezee kijiko.

— Nimeshaweka cha tatu, — akasema Shemeji. Glasi ilikuwa inatoa povu mpaka juu.

Fundi akainuka. Akasogea ukingoni mwa mtaro, kiganja kimefunguka, kidonge kimetulia katikati. Sikioni mlango ulikuwa unagongwa kwa nguvu kuliko jana na juzi. Akainamisha kiganja.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba! — wote wakaitikia kwa pamoja, na Fundi akakunja ngumi kidonge kikiwa ndani.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, koti jeupe limekunjwa mkononi, saa yake ya mkononi inaning'inia kwa upande mmoja wa mkanda.

— Baba, pini ya mkanda imechomoka. Naweza kuipata haraka? Nafanya kazi zahanati hapo chini, dirisha la dawa, na nafungua saa mbili.

Na kabla hajajibiwa akakaa. Akakaa pale pale, mwisho wa benchi.

— Usi... — Wembe akaanza.

— Nini?

— Hapana. Kaa tu, mwanangu. Kaa.

Walimtazama wote kama wanamngojea aanguke. Binti akatazama magurudumu juu ya kitambaa, akatazama nyuso zao, akauliza kuna msiba. Basi wakamwambia. Walimwambia kwa pamoja, wakikatizana: saa, springi, kasha, korido, ndevu, chuma kinachojifunza lugha. Binti alisikiliza bila kucheka. Kisha akalichukua kasha, akaliweka sikio moja, akahamishia la pili.

— Mimi sisikii kitu.

— Hukumjua marehemu, — Wembe akamweleza kwa upole. — Kwako hana maneno.

Binti akamgeukia Shemeji, akaomba kikombe kitupu, akampa Fundi.

— Baba, weka hiki sikioni. Hilo la kushoto.

Fundi akaweka. Macho yakamtoka.

— Inapiga!

— Kikombe changu? — Shemeji akaruka kutoka kwenye stuli. — Kimeingiwa kikombe changu?

— Sasa ondoa. Weka kiganja chako.

Du-du. Du-du. Kiganja nacho kilikuwa kinapiga. Binti akamshika mkono, akabonyeza kwa vidole viwili chini ya kidole gumba, akamwambia kwa sauti ya chini:

— Kila ukiisikia, sema du.

— Du, — akasema Fundi. — Du. Du. Du. Du.

Na kila aliposema, kichwa cha binti kiliinama kidogo, pamoja naye, bila kupishana hata mara moja. Wale watatu walitazama kichwa kile kikiinama na kuinuka, na Ripoti akasahau kuweka utangulizi.

— Hii siyo saa, baba, — akasema binti. — Wala siyo rafiki yako. Unasikia damu yako mwenyewe inavyosukuma.

Ungedhani Fundi angefurahi. Hakufurahi. Kwa sekunde kadhaa alitamani kweli anayegonga awe Mhuri, kwa sababu Mhuri angembembeleza, wangeelewana. Damu yake mwenyewe angeiambia nini?

— Una presha?

— Ninayo. Lakini nameza dawa. Sijakosa hata siku moja.

— Unaimeza na nini?

Fundi akaionyesha glasi, na hata pale, kwa hofu yote ile, kulikuwa na majivuno kidogo sautini.

— Na hii. Saa mbili kamili. Siyo dakika mbele, siyo dakika nyuma. Mimi ni fundi saa.

Binti akachovya ncha ya kidole, akaonja.

— Magadi?

— Ya kiungulia.

— Vijiko vingapi?

— Kimoja na nusu. Leo vitatu, — akadakia Shemeji, kisha akatamani asingedakia.

— Uliambiwa uache chumvi?

— Na nimeacha! — Fundi akapandisha sauti. — Miezi minane! Mke wangu ananibandikia sufuria yangu peke yangu. Nakula chakula hakina ladha hata ya moshi. Ananionea huruma mpaka anageuka pembeni nikila.

Binti akafumba macho kidogo.

— Kile tunachokikimbia kwenye chumvi, baba, ndicho kimejaa kwenye haya magadi. Umekiondoa kwenye sahani, ukakirudisha kwenye glasi. Kila asubuhi. Na nani alikwambia umeze dawa zote mbili kwa wakati mmoja?

— Ninyi.

— Sisi?

— Dirishani kwenu. Imeandikwa.

Akaingia kibandani, akavuta droo, akarudi na bahasha ya karatasi ya kaki iliyolegea kwa kushikwashikwa. Juu yake, kwa kalamu ya buluu, maneno matatu tu. Fundi akayasoma kama alivyosomewa, kwa sauti ya ofisini, kidole kikifuata:

— “Tenganisha.” Nukta. Maana yake tusichangie vidonge, kila mtu na vyake, kwa sababu mimi na Mhuri tulikuwa tunagawana kila kitu. “Saa mbili.” Nukta. Maana yake saa mbili.

— Nani alikusomea hivyo?

— Mhuri. Alikuwa karani, aliyajua makaratasi.

Binti akaichukua bahasha, akaigeuza kwenye mwanga.

— Hakuna nukta hapa, baba.

— Eh?

— Hakuna nukta hata moja. Ni maneno ya pamoja. Tenganisha saa mbili. Umeze hii, zipite saa mbili nzima, ndipo umeze ile. Siyo saa mbili ya asubuhi. Dawa ya kiungulia ikikutana na ya presha tumboni, inaweza kuizuia isiingie mwilini kama inavyotakiwa.

Shemeji akakaa chini, juu ya ndoo, siyo juu ya stuli. Wembe alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, labda miezi. Ripoti ndiye aliyepata sauti kwanza, na ilikuwa sauti ya darasani, ya mwalimu aliyekasirika na daftari:

— Lakini ni nani huyu aliyeandika sentensi isiyo na alama hata moja? Ni nani anaandika namna hii kwa mgonjwa?

Mfuko wa koti jeupe la binti ulikuwa umefunuka, na ndani yake kulikuwa na kalamu. Ya buluu.

— Ni mwandiko wangu, — akasema mwishowe. — Ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Foleni ilikuwa inafika barabarani. Niliandika tu, sikueleza.

Laiti angejitetea, wangemshambulia, na kijiwe kingerudi kuwa kijiwe. Hakujitetea. Machozi yalikuja, akayafuta kwa koti.

— Na Mhuri je? — akauliza Fundi.

— Sijui, baba. Siwezi kukuambia ndicho kilichomuua. Wala siwezi kukuambia sicho.

Fundi akafungua ngumi. Kidonge kilikuwa kimeanza kulainika kwa jasho.

— Kimeze, — akasema binti. — Sasa hivi, na maji matupu. Dawa ya presha usiiache kwa maneno ya mtu yeyote, usikie? Hiyo glasi imwage. Kisha tunakwenda wote nikupime, hatungoji pini wala nini. Kiungulia tutakitafutia dawa inayopatana na hiyo yako, na safari hii nitakueleza kwa mdomo mpaka unifukuze.

Shemeji akakimbilia maji. Fundi akameza. Wembe akaichukua glasi ya Zimamoto mwenyewe, akaimwaga mtaroni kwa mikono miwili, povu likaenda na takataka. Alipogeuka alikuwa amebadilika rangi.

— Jamani, — akasema. — Mhuri alikuwa hamsomei Fundi peke yake.

— Unasema nini?

— Si alikuwa karani? Nani mtaani hapa hakumletea bahasha yake? Mama wa cherehani, yule dereva mstaafu, wazee wa ghorofani wale. Walikuwa wanakuja nayo hapa benchini, anawasomea. Magadi pia aliwafundisha yeye. Nusu ya mtaa wanakunywa Zimamoto.

Fundi akamtazama binti. Hakumtazama kwa hasira. Alitaka tu kujua.

— Mwanangu, bahasha kama hii umeandika ngapi?

Binti akatazama mwisho wa mtaa, akatazama mwisho wa pili, midomo inacheza kama anayehesabu, kisha ikaacha. Swali lilikuwa jepesi, na Ripoti, pamoja na utangulizi wake wote, hakuweza kumsaidia.

Ndani ya kibanda saa kubwa ya ukutani ikaanza kugonga. Ilipomaliza, ukimya ukarudi, ule ukimya wa mtaa usio na umeme. Kisha, kutoka dirisha la ghorofani juu ya saluni, wakasikia kijiko kinakoroga ndani ya glasi. Ting, ting, ting. Kikajibiwa na kingine, ng'ambo ya barabara. Na kingine nyuma ya ukuta. Na mbali kabisa, kule kwa mchomelea vyuma, kingine, chepesi, mpaka haikujulikana tena vinatoka nyumba zipi.

— Mungu wangu, — akasema binti.

Wembe alikuwa ameshaondoka mbio kuelekea ngazi za ghorofani. Shemeji akavuka barabara na birika mkononi, hajui kwa nini amelibeba. Binti akamvuta Fundi mkono, akamwambia hapana, baba, wewe usikimbie, wewe kwanza tukakupime. Fundi akajitoa.

— Mlango mmoja tu, — akasema. — Huu hapa wa karibu.

Ulikuwa mlango wa mama wa cherehani, hatua kumi kutoka kwenye benchi. Akazitembea zote kumi huku sikio la kushoto linamfuata. Akagonga kwa kiganja.

— Hodi! Hodi, mama! Usinywe!

— Ni Fundi huyo? — ikaja sauti ya ndani, ya uchangamfu, ya mtu anayependa wageni, aliyesikia hodi tu. — Karibu, baba, karibu sana. Ngoja nimalize dawa yangu.

Kisha akasikia glasi ikiwekwa mezani, tupu.